Gitaa lenye bolti mbili: shajara ya karakana, Keko, Dar es Salaam

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kipima unyevu kinachoning'inia juu ya meza kimesoma asilimia 82 saa mbili asubuhi. Sina sababu ya kukibishia: mlango wa karakana wiki ya pili sasa haufungi mpaka uupige teke, na randa niliyoisahau mezani Jumamosi imeshaota kutu.

Mzee mmoja wa Temeke amekuja na gitaa ndani ya kiroba cha unga. Shikamoo, marahaba. Akakataa kiti, akalitoa mwenyewe taratibu na kulilaza kifudifudi mezani. Nikajua ubaya uko upande wa pili.

Nilipoligeuza nikakutana na bolti mbili. Si misumari midogo ya mapambo. Ni bolti za milimita 4, vichwa vya nyota, zimetobolewa katikati ya daraja, kile kibao cha usoni kinachoshikilia nyuzi, kama mtu anafunga kitasa cha mlango. Na pamoja na bolti zote hizo, daraja bado limenyanyuka kwa nyuma kiasi kwamba kona ya kitambulisho changu iliingia chini yake. Uso wa gitaa umevimba nyuma ya daraja na kuzama mbele yake, kuelekea kwenye tundu. Nyuzi ziko juu sana: kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) uzi wa sita umesimama milimita 6.5 kutoka kwenye freti. Mzee alikuwa akisema vidole vinamuuma, akadhani ni uzee.

Chanzo hakihitaji darubini. Hili ni gitaa la nyuzi za nailoni: shingo pana, kichwa chenye mifereji miwili, na hakuna chuma ndani ya shingo. Mtu amelifunga nyuzi za chuma. Seti nyepesi ya chuma ikishatyuniwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushee. Ya nailoni huvuta kama kilo 40. Uso na mbavu za gitaa la nailoni, vile vijiti vilivyobandikwa ndani chini ya uso, zimeundwa zibebe hizo 40. Ukiliongezea nyingine 30, mchana na usiku, halivunjiki siku moja. Linajikunja polepole, na mwenyewe analizoea likiwa linajikunja.

"Nani alibadilisha nyuzi, mzee?"

"Mjukuu. Alisema za chuma zinalia zaidi."

"Na bolti?"

Hapo akacheka. "Fundi redio, pale mtaani kwetu."

Nimemwambia ukweli kabla hajatoa hata shilingi: ukijumlisha kazi hii na kuongeza kidogo, Kariakoo unapata gitaa jipya. Akanijibu kwamba hilo jipya halikuwepo kwenye harusi yake. Tumekubaliana bei, na nimekataa kumtajia siku. Masika haya sitaji siku kwa mtu yeyote.

Nyuzi nimezilegeza mbele yake, kila moja nusu mzunguko kwa zamu, ili uso usishtuke. Uliposhuka ukatoa mlio mdogo kama kiti cha mwanzi mtu anaponyanyuka.

Jumatano, 9 Aprili

Leo ni kuangalia tu. Kioo cha pembeni cha pikipiki, kile cha duara, kinapita kwenye tundu la gitaa bila shida. Ukiwasha tochi ya simu na kuiingiza humo unaona kila kitu mpaka vumbi la kiwandani. Niliyoyaona:

Ubavu mmoja wa kulia umeachia kwa urefu wa sentimita 9. Ukiugusa na kijiti unacheza. Washa za bolti zimezama ndani ya mbao, kwa hiyo aliyezikaza alikaza mpaka nguvu zikamwishia. Kuna gundi ya kuchanganya, epoksi, ile ya mirija miwili, imemwagika ndani na kuganda kama asali. Na chini ya daraja, pale palipoinuka, naona rangi ya vanishi inang'aa. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Gundi ya mbao haishiki vanishi, inashika mbao. Fundi aliyetangulia alibandika daraja juu ya vanishi, likaachia, ndipo akaleta bolti.

Uso wenyewe ni plaiwudi ya tabaka tatu. Hii inanipa ahueni, kwa sababu plaiwudi haipasuki kwa unyevu kama ubao mmoja. Lakini pia inanitisha, kwa kuwa tabaka la juu ni jembamba na litataka kuondoka pamoja na daraja.

Nimeweka rula ya chuma juu ya uso, nyuma ya daraja. Inabembea. Ukiituliza katikati, pembeni inabaki milimita 6 hewani kila upande. Milimita 2 au 3 ni kawaida, gitaa lenye uso tambarare kabisa chini ya nyuzi sijaliona. Sita ni nyingi. Shingo nayo, kabla sijalegeza nyuzi jana, ilikuwa na upinde wa milimita 1.2, sasa imerudi hadi 0.5 yenyewe. Hiyo ni habari njema kuliko nilivyotegemea.

Ijumaa, 11 Aprili

Kung'oa daraja. Nilipanga kutumia pasi ya umeme, umeme ukakatika saa nne. Nikavuka barabara kwa mama anayefua na kupiga pasi nguo za watu, nikaazima kwake pasi ya mkaa. Alitaka kujua nguo gani napiga pasi karakanani. Nilipomwonesha gitaa akaondoka anatikisa kichwa.

Kusema kweli pasi ya mkaa imefanya kazi nzuri kuliko ya umeme. Ni nzito, inatulia, na joto lake haliruki. Nilikata kadibodi yenye dirisha la umbo la daraja, nikaifunika na karatasi ya alumini ili vanishi ya pembeni isichemke, nikaweka pasi juu ya daraja dakika tano, nikaitoa, nikajaribu kisu. Halafu tena dakika tano. Gundi ile ya mirija miwili haiyeyuki, inalainika tu kama jibini, na ukichelewa sekunde ishirini inakuwa jiwe upya. Kisu ninachotumia ni cha kupakia siagi, nimekisugua mpaka kikawa chembamba na butu. Kisu chenye makali hujitafutia njia yake ndani ya mbao.

Daraja limetoka baada ya saa moja na robo. Kipande cha tabaka la juu, ukubwa wa stempu mbili, kimetoka nalo upande wa uzi wa kwanza. Nimekibandua kutoka kwenye daraja kwa wembe, nikakirudisha mahali pake na gundi, nikakifunika na nailoni na kuweka jiwe juu. Kesho kitakuwa sawa. Mikono inanuka mkaa na epoksi.

Jumatatu, 14 Aprili

Wanakwaya wameleta lao. Gitaa la nyuzi za chuma, kubwa, la kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Pasaka ni Jumapili hii na wanataka lishuke, "linakata vidole." Hili ni la kuseti tu, nimefurahi kupata kazi isiyo na siri.

Uzi wa sita kwenye freti ya 12: milimita 3.8. Upinde wa shingo: nikabana freti ya kwanza na ya 14, nikapima pengo kwenye freti ya 7, nikapata 0.7. Vile vibamba vya kupimia pengo, fila geji, naazima kwa fundi pikipiki wa jirani. Yeye anapimia vali za bodaboda, mimi napimia shingo, na kipimo ni kilekile. Nilikaza chuma cha shingo robo mzunguko, nikasubiri saa nzima, robo nyingine, nikaliacha litulie. Jioni pengo lilikuwa 0.25.

Watu wengi hukimbilia kukaza hicho chuma mpaka nyuzi zishuke. Hicho chuma si cha kushusha nyuzi. Kinanyoosha shingo, basi; nyuzi zinashuka kidogo tu kama zawadi. Kazi ya kushusha inafanywa na mfupa wa chini, ule uliochomekwa kwenye daraja. Na hesabu yake ndiyo inayowachanganya vijana: ukitaka uzi ushuke nusu milimita kwenye freti ya 12, punguza mfupa milimita nzima, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya safari ya uzi.

Nimepunguza milimita 2 kwa msasa uliobandikwa juu ya kipande cha kioo. Sasa ni 2.5 kwa uzi wa sita na 1.9 kwa wa kwanza. Mfupa uliobaki juu ya daraja ni milimita 2. Siwezi kwenda chini ya hapo, na wanakwaya nimewaambia masika yakiisha waje tena, maana uso ukikauka utashuka na nyuzi zitaanza kupiga freti.

Alhamisi, 17 Aprili

Gitaa la mzee liko ndani ya sanduku tangu Jumamosi. Sanduku lenyewe ni la plaiwudi, nimelitoboa matundu juu na chini, ndani kuna balbu ya wati 60 ya zamani, ile inayopata moto. Balbu hizo siku hizi unazitafuta kama dawa. Hizi mpya zinawaka vizuri lakini hazina joto la kumsaidia mtu. Nje ya sanduku ni nyuzijoto 28 na unyevu asilimia 82. Ndani ni nyuzijoto 36 na asilimia 52. Maji hayajaenda popote, ni hewa tu iliyopata joto ikawa na nafasi ya kuyabeba zaidi, na mbao inakauka kufuata hewa iliyoizunguka. Sizidishi 40, kwa sababu gundi nyingi za mbao zikipata joto huanza kuteleza. Ndiyo maana gitaa lililoachwa ndani ya gari juani, hata hapo Posta kwa saa mbili, linaweza kurudi na daraja limesogea.

Rula inabembea milimita 4 badala ya 6. Haya ni maendeleo bila kugusa kitu.

Mzee alipita kuangalia. Alikaa mpaka adhuhuri, maana jirani yangu wa makochi ni mtu wa Sikinde na mzee ni mtu wa Msondo, bendi mbili za dansi, na mjadala huo ulikuwepo kabla mimi sijazaliwa. Katikati ya ubishi mzee akasema kitu ambacho nimekiandika hapa kwa sababu kimenifungua macho. Alisema ujana wake aliishi Morogoro na alimwona mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe akiwa bado na bendi ya Morogoro Jazz, na kwamba nyumbani kwake mpaka leo kanda zinapigwa kila Jumapili. Mjukuu amekua ndani ya sauti hiyo. Sasa sauti ile ya solo ni ya gitaa la umeme: nyuzi za chuma, spika, na mkono wa mtu anayejua. Mtoto akachukua gitaa la babu, akapiga, likatoa sauti ya pamba. Akahitimisha kwamba kasoro ni nyuzi.

Hakukosea sikio. Alikosea gitaa.

Jumanne, 22 Aprili

Ubavu umebandikwa. Klampu ya kawaida haifiki, kwa hiyo natumia zile tatu nilizochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani kwa chuma bapa, zenye shingo ndefu kama korongo, zinapita kwenye tundu na kuinama ndani. Gundi nimeisukuma chini ya ubavu kwa bomba la sindano, halafu kwa wembe wa zamani, nikiangalia kwenye kioo cha pikipiki ambapo kulia ni kushoto. Nimejipaka gundi mpaka kwenye kiwiko.

Matundu mawili ya bolti nimeyaziba kwa vijiti vya mninga, na ndani nimebandika kibao chembamba cha plaiwudi, milimita 2, kufunika eneo lote lililotafunwa na washa.

Daraja jipya. Hili limenila siku mbili za kufikiri. La zamani halifai, bolti zimelipasua. Nina kipande cha mpingo nilichopewa na wachongaji wa Mwenge, cheusi, kizuri kuliko kitu chochote humu ndani. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko duniani, na kila mteja akiuona hapa anautaka kwenye gitaa lake. Lakini nilikitumbukiza kwenye ndoo kikazama moja kwa moja kama jiwe, na hilo ndilo tatizo. Uso wa gitaa unapaswa kucheza. Ukiuwekea mzigo katikati, unausukuma kwa nguvu zaidi upate sauti ileile. Daraja la zamani bila bolti lina gramu 24. La mpingo kwa umbo hilohilo lingefika 35. La mninga nimelikata, nimelichonga, nimelipima: 18.

Mninga wenyewe ni mguu wa kitanda kilichovunjwa kwa jirani, umekauka kwa miaka mingi ndani ya nyumba ya mtu. Mninga una sifa moja ambayo mafundi wa Keko wote wanaijua bila kuisoma: haubadiliki sana, mvua ije jua lije. Udhaifu wake ni kwamba ni laini kuliko mbao za madaraja ya kiwandani, nyuzi zitauchimba pale zinapofungwa fundo. Nimeweka vipande viwili vyembamba vya mfupa kwenye kingo hizo. Kazi ya saa tatu kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Alhamisi, 24 Aprili

Kijana wa Sinza, gitaa linavuma kama nyuki kwenye uzi wa nne. Freti zimeliwa na jasho na chumvi, nikaona hiyo ndiyo sababu. Nimesawazisha freti kwa jiwe la kunolea zaidi ya saa mbili, nikazirudishia mviringo kwa tupa, nikazing'arisha. Nikafunga nyuzi. Linavuma vilevile.

Ilikuwa nati ya ufunguo kichwani imelegea. Robo mzunguko wa spana namba 10. Nimemtoza bei ya nati.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya Muungano, mtaa umetulia, nikaona ni siku nzuri ya kubandika daraja. Uso umekwanguliwa mpaka mbao safi, umbo la daraja kamili, ukingo wa milimita moja wa vanishi umeachwa pembeni usionekane mkwaruzo. Chini ya daraja nimepalia kidogo kwa msasa likafuata uvimbe wa uso.

Vipimo: kutoka mfupa wa juu, ule ulio shingo inapokutana na kichwa, mpaka freti ya 12 ni milimita 325. Ukizidisha mara mbili unapata 650, lakini ukiweka mfupa wa chini hapo hapo, kila noti juu ya freti itakuwa kali kidogo, kwa sababu unapobana uzi unauvuta pia. Nimeongeza 2. Kwa hiyo 652 kwa katikati.

Gundi, klampu tatu, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kufuta ziada. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikuja baada ya kanisa kutoa klampu. Nikachukua uzi wa cherehani, nikauvuta kutoka mfupa wa juu mpaka kwenye tundu la kwanza la daraja. Uzi umepita ukingoni kabisa mwa ubao wa freti. Ukiubana kwenye freti ya 15 unaanguka nje. Nikaenda upande wa uzi wa sita, nafasi kubwa kama barabara ya mwendokasi.

Daraja limeteleza milimita 3 upande mmoja. Gundi mbichi ni kama sabuni, na klampu ukizikaza moja baada ya nyingine, ile ya kwanza inasukuma. Najua hili. Nimewafundisha vijana wawili hili. Nilifunika gitaa na shuka nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeling'oa upya. Umeme ulikuwepo. Gundi ya siku tatu inaachia kwa mvuke kidogo, dakika ishirini limetoka safi, hata unyuzi mmoja wa mbao haukung'oka. Gundi hii ndiyo niliyoichagua kwa sababu hiyohiyo, kwamba siku moja mtu atahitaji kuitoa. Sikupanga kwamba mtu huyo niwe mimi wiki ileile.

Alhamisi, 1 Mei

Mara ya pili. Kwanza bila gundi: daraja kavu mahali pake, nyuzi mbili za cherehani zimevutwa pande zote mbili mpaka nafasi zilingane ukingoni. Likiwa limeshikwa na klampu moja, nikatoboa matundu mawili ya milimita 2 ndani ya mfereji wa mfupa, yakapita mpaka ndani ya gitaa. Nikachomeka vijiti vya kuchokonolea meno. Nikatoa kila kitu, nikapaka gundi, nikarudisha, vijiti vikaingia kwenye matundu yake. Kaza unavyotaka, halina pa kwenda. Kesho vijiti nitavikata, na mfupa utayafunika matundu.

Ndani nimeweka kibao cha kukingia kilichofungwa nailoni ya mfuko wa mkate ili kisishikane. Saa 24 kabla ya kugusa. Nimebandika karatasi mlangoni: USIGUSE GITAA. Jirani ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: HATA FUNDI.

Jumamosi, 3 Mei

Daraja liko sawa. Nimepima mara nne.

Mfupa wa chini nimeuchonga leo. Mifupa yangu natoa Vingunguti machinjioni, ya mguu wa ng'ombe, naichemsha na sabuni mpaka mafuta yaishe, halafu inakaa juu ya bati wiki mbili. Mafuta yakibaki mfupa unageuka njano na kunuka ukipata joto la msumeno. Safari hii nilianika vipande vitano, vimebaki vitatu. Paka wa mama wa pasi anafahamika.

Mfupa ukikaa kwenye mfereji wake usilegee wala usilazimishwe. Ukigeuza gitaa chini juu unatakiwa kubaki humo wenyewe, na ukiuvuta kwa vidole utoke. Ukiwa umelegea unaegemea mbele, na ile milimita 2 niliyoiongeza inakuwa 1.

Seti mpya ya nailoni imefungwa jioni. Zimetyuniwa mara kumi na bado zinashuka. Nailoni mpya hutaka siku tatu nne za kunyooka.

Jumanne, 6 Mei

Kuseti. Upinde wa shingo chini ya nyuzi: 0.4. Kwa gitaa lisilo na chuma ndani, lililoteswa kama hili, nakubali bila mjadala. Uzi wa sita kwenye freti ya 12 ulikuwa 4.6, nikapunguza mfupa milimita 1.2 upande huo, sasa 4.0. Uzi wa kwanza 3.0. Nailoni inatikisika kwa upana kuliko chuma, ukiishusha kama ya kwaya itapiga freti zote.

Mifereji ya mfupa wa juu ilikuwa imechimbwa na nyuzi za chuma. Nimesaga vumbi la mfupa, nikaijaza nalo pamoja na tone la gundi ya papo kwa papo, nikachonga upya. Kipimo changu cha hapo hakina namba: bana uzi kwenye freti ya tatu, angalia pengo juu ya freti ya kwanza. Ukiona mwanga mwembamba kama karatasi, inatosha.

Sauti ya kengele, ile ya kugusa uzi bila kuubana, kwenye freti ya 12 na noti ya kubana palepale: nyuzi tano zinakubaliana. Wa tatu unazidi kidogo. Wa tatu wa nailoni ni mnene na haujazungushiwa waya, nao una kiburi chake kwenye kila gitaa. Nimeusogezea kilele cha mfupa nyuma kwa tupa, ukatulia, si kabisa.

Limelia. Halina sauti kubwa. Lina besi ya mviringo, na ukipiga karibu na tundu linajibu hadi kifuani.

Jumamosi, 24 Mei

Sikulitoa mapema. Nililiacha limefungwa nyuzi, limetyuniwa, limening'inia ukutani wiki mbili na nusu, nikilipima kila Jumamosi. Kama daraja litaachia, liachie mbele yangu. Uvimbe wa uso umesimama milimita 3 na haujasogea. Mvua zimepungua, upepo wa kusi umeingia, kipima unyevu leo asubuhi asilimia 74.

Aliyekuja kulichukua ni mjukuu. Kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, mpole, viatu vya shule. Alinisalimia shikamoo, akalipokea, akakaa kwenye kigoda akapiga. Alijaribu mstari wa solo, ule wa kupanda na kushuka haraka, na anaujua kweli. Akaniangalia.

"Fundi, hapa ukiweka za chuma si litalia zaidi?"

Nikamwita kwenye meza. Nikampa kile kioo cha pikipiki na tochi, nikamwambia atazame ndani mwenyewe: alama za washa zilizozama, kibao nilichobandika, ubavu wenye mstari wa gundi mpya. Alitazama muda mrefu. Kisha nikamtolea daraja la zamani na bolti zake mbili, nilikuwa nimelihifadhi kwenye kopo. Akaligeuza geuza.

"Babu hakuniambia ni kwa sababu yangu."

Nimemwambia likizo apite karakanani. Kuna gitaa la umeme kwenye rafu ya juu, mwenyewe hajalifuata tangu mwaka juzi, freti zake zimeliwa na halina nyuzi. Atasawazisha freti yeye, chini ya macho yangu, na kabla ya jiwe la kunolea ataanza na spana namba 10.

Ndani ya gitaa la mzee, juu ya kibao, nimeandika kwa penseli: NAILONI TU. Ukitazama kwa kioo inasomeka kinyumenyume.

Kilichobaki: ufunguo wa uzi wa tano unarudi nyuma kidogo, meno yake yameisha. Natafuta seti iliyotumika.